Karasha Haijui Ubabe wa Injini

Fundi wa Kagongwa akikutambia kwamba karasha yake ya kusagia mawe ya dhahabu ina mwendo, muulize pipa lina upana gani. Akianza kukutajia nguvu ya injini, bado hajakujibu. Mashine za mpunga zimetuzoesha kupenda kinachokimbia, lakini mawe ya dhahabu husagwa na gololi zinazopanda na ukuta wa pipa kisha zikaanguka. Zisipoanguka, unachoma mafuta ya mchimbaji kuzungusha vyuma.

Shika futi kamba. Pima upana wa ndani kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, simu yako inaweza, kisha gawanya 42.3 kwa jibu hilo. Pipa la sentimita 60 linakupa kama mizunguko 55 kwa dakika. Huo ndio mwendo ambao gololi zinang'ang'ania ukutani zisianguke tena. Chukua asilimia 70 yake: 38. Wapenda mbio watasema pipa lako limelala. Waache, unga wa mawe utawajibu.

Sasa rudi nyuma kuelekea kwenye mota. Mota ya kawaida ya umeme wetu huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika. Puli ya inchi 4 ikivuta ya inchi 20, unabaki na 288. Shafti ya puli hiyo kubwa ikibeba gia ya meno 15 inayosukuma ya meno 114, pipa linapata 38. Zidisha kwa kinachovuta, gawanya kwa kinachovutwa. Hesabu yote ni hiyo, na nashangaa mafundi wanaokata chuma kwa ustadi mkubwa wanavyoikimbia.

Balaa huja umeme unapokatika na tajiri mwenye mashine anapoleta injini ya dizeli ya mizunguko 2,200. Puli ni zilezile, mkanda ni uleule, kila mtu anafurahia mlio. Pipa sasa linakwenda 58! Gololi zimeganda, mawe yanatoka mabichi, na lawama anabebeshwa kijana anayelisha mashine. Badilisha ile puli ya inchi 20, weka ya 30, utarudi karibu na 39.

Ukitumia difu ya gari kuukuu badala ya gia hizo, usiamini uwiano wa kuambiwa. Ukifunga upande mmoja wa ekseli, upande wa pili huzunguka mara mbili ya ulivyotegemea. Chora chaki, zungusha kwa mkono, hesabu.

Karasha ikiwaka, chora chaki nyingine kwenye pipa na uhesabu dakika nzima. Sikiliza pia: gololi zinazofanya kazi hugonga mfululizo, zilizoganda hunyamaza. Saga na maji, kwa sababu vumbi la mawe haya huharibu mapafu moja kwa moja. Na mkanda uufunike kwa bati kabla ya kukabidhi mashine, hata kama tajiri ana haraka. Gharama ya bati iandike kwenye bei tangu mwanzo, asije akaomba punguzo kwa kuliondoa.