Barua kwa Wakuu wa Kiwanda Kilichounda Pikapu Yangu

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Lowarengak, ufukweni mwa Ziwa Turkana. Nawaandikia nikiwa nimeketi kwenye kivuli cha pikapu yenu. Tangu Jumanne hiyo ndiyo kazi pekee inayoifanya, na kusema kweli, inaifanya vizuri.

Kwanza naomba radhi. Kitabu chenu kinaagiza dizeli safi. Nilikisoma nikiwa Lodwar, kwenye vituo vya mafuta, nikasahau kwamba huku ziwani dizeli huja kwa mtungi wa njano, hukaa juani ikimngoja mteja, kisha huingia tangini kupitia chupa ya maji iliyokatwa kitako, na kipande cha shuka kikiwa ndicho chujio. Shuka lilikuwa safi. Nililifua mwenyewe.

Fundi alikuja kwa pikipiki kutoka Lodwar. Akafungua filta, akamimina dizeli kwenye kikombe cha chai, akakiinamisha juani. Ikametameta kama uso wa bibi harusi. "Pampu imejitafuna," akasema.

Akanieleza. Tairi langu hujazwa bar mbili na kitu. Pampu yenu husukuma mafuta kwa zaidi ya bar 1,600. Tena haipati tone la oili ya injini, hulainishwa na dizeli hiyohiyo inayoisukuma. Yakiingia maji, au mjanja akichanganya mafuta ya taa, chuma husaga chuma na unga wake huenda kwenye nozeli zote nne. Mwaka 2018 serikali iliyatoza mafuta ya taa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuwakomesha wachanganyaji. Nyinyi hamkutuma hata kadi ya asante.

Sasa bili: pampu, nozeli nne, mabomba, kuosha tangi, na kompyuta ya kuitambulisha kila nozeli kwa gari, maana siku hizi nozeli hazifanyi kazi na wageni. Laki nne na ushee. Shemeji yangu aliposikia akauliza ni mahari ya nani. Waranti? Wakala wenu alijibu upesi sana kwamba mafuta machafu hayamo.

Kusini mwa kaunti hii, mafuta yaligunduliwa kwenye kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012, na mwaka 2019 mapipa 200,000 yakapakiwa melini Mombasa. Hilo si kosa lenu. Nalitaja tu kwa kuwa nina muda.

Ombi langu ni dogo: mtume mhandisi mmoja, mwenye glavu nyeupe, aje anishikie shuka. Mkiona ni mbali, nirudishieni pampu ya kizamani, ile ambayo fundi huifungua chini ya mkoma huku akipiga soga.

Samaki wangu wakavu, ambao pikapu ilipaswa kuwabeba, wameshaondoka. Asubuhi ilipita Land Cruiser kuukuu, ikawabeba. Kabla ya kuondoka, dereva alijaza tangi kutoka mtungi uleule wa njano. Bila shuka.

Wenu mtiifu,
Mteja, kivulini