Sukari ya Majani

Hapa Getanuwas ukimwambia mtu kwamba sukari umeinunua ili kulisha majani, atakutazama wewe, kisha atamtazama mkeo kwa huruma.

Na majani yenyewe si ya ng'ombe. Yamo kwenye tangi la kioo sebuleni, alilonikabidhi mpwa wangu alipohamia Dodoma, pamoja na samaki wadogo wasiotosha hata kuchafua sufuria. "Mjomba, hayo ni mapambo tu, hayana kazi." Hayana kazi! Kioo kimeota utando, majani yamefuga nywele za mwani, na mimi nasugua kwa mswaki wakati wenzangu wako shambani wanapalilia mbaazi.

Nikampigia simu kulalamika, nikaishia kupewa somo. Mmea unakula hewa ya ukaa, na hewa hiyo ndani ya maji husambaa polepole mno, kama mara 10,000 chini ya mwendo wake hewani. Maji yaliyokaa wazi huwa na chini ya miligramu 1 kwa lita, ilhali wapenzi wa matangi hutaka ifike 20 hadi 30. Taa ikiwa kali na hewa ikiwa haba, mmea unadumaa, na mwani, usiochagua chakula wala mahali pa kulala, unajitwalia nyumba.

Wenye fedha hununua mtungi na vali yake. Mimi nimeambiwa nichanganye sukari, hamira na maji ya vuguvugu kwenye chupa, nitoboe kifuniko, nipitishe mpira wa dripu hadi kwenye tangi. Hamira inakula sukari, hewa inabubujika. Kinachobaki chupani ni kilevi. Mwenyekiti wa kitongoji alipita, akanusa, akauliza kwa heshima zote, "Mzee, hii ni ya harusi ya nani?" Nikamweleza kuwa ni hewa ya majani. Akavuta kiti, akakaa kusubiri iive.

Halafu hamira haina swichi. Usiku mimea nayo hutoa hewa ya ukaa badala ya kuila, lakini chupa inaendelea kububujika, na asubuhi unawakuta samaki wako juu ya maji wanatweta. Juni ikifika na baridi yake, hamira inalala kabisa. Niliifunika blanketi. Mama watoto aliliona, na kwa bahati mbaya lilikuwa lile la wageni.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hewa yenyewe si adimu. Dunia nzima inalia kuwa imezidi. Hapo jirani, Bonde la Yaeda wilayani Mbulu, Wahadzabe wanalipwa kwa kutunza miti ili hewa hiyo hiyo ibaki ndani ya miti. Kule Rungwe inatoka ardhini yenyewe, kwenye nchi ya volkano, watu wanaikinga, wanaijaza kwenye mitungi na kuipeleka viwandani ikaingie kwenye soda. Mlima Hanang nao ni volkano, zaidi ya mita 3,400, umenikalia hapo kila siku na haujawahi kunipa hata kiputo. Mimi nanunua kwa kilo, dukani, bei ya sukari mnaijua.

Juzi mpwa wangu ndiyo akakumbuka kuuliza, "Mjomba, kwani taa mnaiwasha saa ngapi kwa siku?" Nikamjibu, tangu asubuhi hadi tunapolala. Akacheka. Kumbe saa sita hadi nane zinatosha. Ukipunguza mwanga, mmea unaridhika na hewa kidogo, na mwani unakosa karamu. Sukari yote ile, na dawa ilikuwa kuzima taa!

Sasa nani aizime? Balbu ya sebuleni iliungua zamani, na watoto wanasomea mwanga wa samaki. Nilipogusa swichi, mama watoto akauliza kama nataka kijana arudie darasa kwa ajili ya majani. Nikaiachia. Mwalimu anasema kijana amepanda hadi nafasi ya pili. Mwani nao hauna mpinzani.