Mwacheni Shemeji Aongee

Watu wa filamu wanajua kusifiana. Tangu 1929 Wamarekani wanagawana sanamu za Oscar, na zimeshamfikia karibu kila aliyegusa chochote: mwigizaji, mpiga picha, mshona nguo, mpaka fundi wa kupaka watu majeraha ya uongo. Aliyesahauliwa ni yule anayekaa kochini na kutueleza kitu ambacho sote tunakiona. Kwetu Tabata mtu huyo ni shemeji, kaka wa mke wangu. Leo nataka apate haki yake, maana nimechoka kusikia watu wakimsema.

Wanasema hufika amechelewa. Ndiyo, na hapo ndipo ubora wake unapoanzia. Muvi imeshakwenda robo saa, watu wawili watatu wameshauawa, yeye ndiyo kwanza anavua viatu mlangoni na kuuliza, "Huyu ndo steringi?" Sisi tuliokuwepo tangu mwanzo tunatazamana. Hatujui. Tunaanza kubishana, rimoti inatafutwa chini ya mito, muvi inarudishwa mwanzo kabisa, na sasa tunaiangalia tukiwa na akili zetu. Kuna vyuo watu wanalipa ada ili wafundishwe kuiangalia filamu moja mara mbili. Sisi tunafundishwa bure, gharama yetu ni chai tu.

Wanasema hanyamazi. Kweli hanyamazi, na ole wetu siku atakayonyamaza. Mvua ikinyesha kwenye skrini anatangaza, "Mvua hiyo." Mtu akitoa bastola anasema, "Katoa bastola." Wapo wanaoudhika. Lakini mke wangu yuko jikoni anakaanga samaki, mafuta yanalia, na kwa hisani ya kaka yake hakuna risasi inayompita. Akiingia na sinia anajua nani kafa, kafia wapi, na kwamba alijitakia mwenyewe. Kuna runinga gani inayofika mpaka jikoni namna hiyo?

Zaidi ya yote, shemeji ni mwanasheria. Katiba yake ina ibara moja, na kila aliyekulia kwenye vibanda umiza anaijua: steringi hafi. Apigwe, atupwe mtoni, aangukiwe na ghorofa, hafi. Tulipoangalia Commando, ile ya Arnold Schwarzenegger ya 1985, ambamo baba mmoja anavamia kisiwa kumkomboa binti yake na kumaliza jeshi zima peke yake, sisi tulikodoa macho kwa hofu. Shemeji alikuwa anachokonoa meno. Alishasoma katiba.

Mtihani ulikuja na Sholay. Muvi hii ya Ramesh Sippy ilitoka 1975 na ina zaidi ya saa tatu, kwa hiyo shemeji aliongea zaidi ya saa tatu. Wezi wawili, Jai na Veeru, wanakodiwa na ofisa wa zamani wa polisi aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh. Jai, ambaye ni Amitabh Bachchan, kila penye uamuzi mgumu anarusha sarafu. Karibu na mwisho anabaki peke yake darajani kuwazuia majambazi, na anakufa. Amitabh! Sebule nzima iliinamisha vichwa, mtoto akaanza kulia. Shemeji hakutetereka hata kidogo. "Huyo hakuwa steringi," alisema. "Steringi ni mwenzake." Hukumu imetoka papo hapo, katiba imesalimika, nasi tukaona aibu kwa kumlilia mtu asiyehusika.

Kisha likaja la mwisho. Yule mzee asiye na mikono amemweka Gabbar chini, anamkanyaga kwa viatu vyenye misumari, bado kidogo tu, halafu polisi wanatokea na kumsihi aiachie sheria. "Hapana," shemeji akasema. "Hapa pamechezewa. Yule mzee alitakiwa ammalize." Mtu angedhani ni mdomo wa kawaida. Lakini Sippy mwenyewe ndivyo alivyoipiga mwanzo, mzee anamwua Gabbar. India ilikuwa kwenye hali ya hatari ya Indira Gandhi, na bodi ya ukaguzi wa filamu ndiyo iliyotaka polisi waingie. Mtu aliyejilaza kwenye kochi Tabata, soksi moja imetoboka, aligundua mahali ambapo serikali ya Delhi ilitia mkono. Wahakiki wenye shahada wangapi wanaweza hilo wakiwa wanakula karanga?

Msidhani kazi hii haina ukoo. Filamu zilipokuwa bubu, Wajapani walikuwa na watu walioitwa benshi. Benshi alikaa pembeni ya skrini, akawasemea waigizaji wote, wanaume kwa wanawake, na kuwaeleza watazamaji kinachoendelea. Watu walichagua ukumbi kwa kuangalia benshi gani yuko zamu, filamu yenyewe ikawa jambo la baadaye. Mmoja wao aliitwa Heigo, kaka yake Akira Kurosawa ambaye baadaye alitengeneza Seven Samurai. Kwa hiyo hata huko Tokyo aliyeongea alikuwa kaka wa mtu. Sauti zilipoingia kwenye filamu, miaka ya 1930 benshi wakakosa kazi, na mpaka leo sijasikia mtu akilisikitikia hilo vya kutosha.

Huku kwetu ukoo ulifufuka kwenye kanda za video. Dar es Salaam ilimpata Lufufu, ambaye sauti yake iliwekwa juu ya sauti za Wachina na Wamarekani. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Hawa hawajifungi na maneno ya mwigizaji. Wanaeleza, wanaonya, wanatania, wanampa jambazi jina la mtaani, na mtu aliyenunua kanda iliyotafsiriwa hakutaka tena ile isiyotafsiriwa, akaiona imepooza. Wamepata majina na wamepata pesa. Shemeji anafanya kazi ileile kwa sahani ya wali, na tena kwa ugumu zaidi, kwa sababu wenzake angalau huiangalia muvi kwanza.

Yeye hutafsiri palepale, na hazuiwi na kitu kidogo kama kutoijua lugha. Mkorea akisema sentensi ndefu huku machozi yanamtoka, shemeji anatuambia, "Anamwambia mama yake hataki shule." Dakika kumi baadaye inabainika kuwa yule si mama yake bali ni bosi wake, na hakuna shule. Lakini katika zile dakika kumi sisi tulikuwa na hadithi nzuri zaidi kuliko waliyokuwa nayo Wakorea.

Wakati fulani niliogopa kwamba atakosa kazi kama benshi. Mwaka 2011 TBC walionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, Wachina wakisema Kiswahili wenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilizungumzwa sana, hata Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Sasa Mchina anasema Kiswahili, mkalimani wa nini? Shemeji alipanda cheo, akawa mkaguzi wa Kiswahili chao. "Mkwe hamjibu mama mkwe hivyo," alisema. "Hapo ilibidi apige magoti kwanza." Hakuna aliyempinga, maana alikuwa sahihi.

Kwenye muvi za Kinigeria yeye ni mahakama, tena mahakama isiyofuta mafaili. Patience Ozokwor, yule Mama G, hata akitokea mara hii kama mama mpole anayegawa uji, shemeji anamkumbusha alichomtenda mkamwana katika muvi ya miaka ile. Msamaha hakuna. Mwanamke anaweza kugawa uji mpaka sufuria litoboke.

Mwenzake wa kinyume ni mpwa wangu, kijana msomi. Yeye huangalia kwenye simu, chumbani, vipokea sauti masikioni, maandishi yanapita chini, na ameongeza mwendo ili imalizike mapema. Ukimuuliza ilikuwaje, anajibu, "Iko poa." Basi. Saa mbili za kazi ya mamia ya watu zimeishia kwenye maneno mawili. Mnaosema kimya kingi kina mshindo mkuu, nendeni mkausikilize mshindo wa mpwa wangu.

Na kama bado mnadhani maneno ya kochini hupotelea kochini, muulizeni James Cameron. Titanic ya 1997 ilizoa Oscar 11, lakini mwishoni Rose amelala juu ya ubao na Jack anaganda majini ameushika pembeni. Shemeji alisema alichosema kila shemeji duniani: "Hapo wanaenea wawili." Sebule zote za dunia ziliendelea kusema hivyo, mwaka baada ya mwaka, na Cameron akawa anajibu na kujitetea. Mwishowe, mwaka 2023, katika kipindi cha National Geographic, alichukua mwanamume na mwanamke, akawatia kwenye maji baridi na ubao wa mfano, akawajaribisha mikao mbalimbali. Akakubali kwamba katika mkao mmojawapo huenda Jack angepona. Mwongozaji mwenye Oscar za kujaza kabati amerudishwa majini na watu wanaokula bisi. Nilipompa shemeji taarifa hii hakushangaa. Aliuliza tu kwa nini imechukua miaka yote hiyo.

Lakini muvi iliyomwonyesha shemeji katika ukamilifu wake ni Psycho. Alfred Hitchcock aliitoa mwaka 1960 na kuagiza kwamba muvi ikishaanza mtu asiingizwe ukumbini, na walioiona wasiwasimulie wengine mwisho wake. Yaani marufuku kuchelewa na marufuku kusema. Sheria mbili, zote zimetungwa dhidi ya mtu mmoja wa Tabata aliyekuwa hajazaliwa.

Aliingia kwetu amechelewa, tukarudisha mwanzo. Marion Crane, karani, amekabidhiwa dola 40,000 azipeleke benki, badala yake anakimbia nazo. Shemeji alizipenda zile pesa tangu bahasha ilipotokea. Alipiga hesabu ya shilingi kwa sauti, akakosea, akapiga tena. Dada anafika kwenye hoteli ya barabarani ya Norman Bates, anazifunga pesa ndani ya gazeti, anaingia kuoga. Yaliyompata bafuni dunia nzima inayajua. Muvi haijafika hata nusu, na steringi amelala chini amekufa.

"Simamisha!" Nikasimamisha. Shemeji alikaa wima. Katika maisha yake yote ya kuangalia muvi hajapata kuona kitu kama hiki, na maelezo yakawa mamoja tu: "Muuza fleshi katuchanganyia muvi mbili." Tukaangalia jina la faili, ni moja. Tukaendelea, naye akawa anaitafuta katiba yake kwenye kifusi. Norman anapiga deki bafu, anambeba marehemu mpaka kwenye buti la gari, anarudi chumbani, analiona lile gazeti, hajui lina nini, analitupia humo humo butini. Hapo shemeji alipata jibu. "Steringi hafi," alisema polepole. "Aliyebaki ni hela. Hela ndo steringi." Kisha Norman akalisukuma gari kwenye kinamasi, likazama.

Shemeji alisimama. Tangu dakika ile hakuna kilichomgusa. Mpelelezi alipouawa ngazini, sisi tukaruka, yeye akasema, "Huyo angeulizia gazeti angekuwa hai." Dada wa marehemu aliposhuka chini ya nyumba, akakigeuza kiti na kuukuta uso wa mama yake Norman, mke wangu alimwaga chai. Shemeji akatoa tangazo lake, "Maiti hiyo," kwa wajibu tu, halafu: "Hela je?" Wahakiki wameandika mengi kuhusu Hitchcock kututongoza tufuate pesa ambazo hazina maana yoyote kwenye hadithi. Shemeji hakutongozeka kuziacha. Mtu mmoja katika sebule ile alikuwa bado anakumbuka kwamba kuna mwenye mali anasubiri chake.

Na Hitchcock alimsikia! Mwishoni daktari wa akili anaeleza kwa kirefu ugonjwa wa Norman, maelezo marefu kiasi kwamba hata shemeji aliheshimu, halafu mtu mmoja anauliza zile dola 40,000 alichukua nani. "Ahaa," shemeji akasema, akavuta stuli karibu na skrini. Daktari anajibu kwamba zimekwenda na kinamasi. Shemeji alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Picha ya mwisho kabisa ni gari lile linavutwa kwa mnyororo kutoka kwenye tope, nyuma kwanza, buti linatuelekea sisi.

"Fungueni!" alisema. "Fungueni buti!"

Muvi ikaisha. Akanyang'anya rimoti, akarudisha, gari likatoka tena, buti halikufunguliwa. Akauliza kama kuna sehemu ya pili. Nikamwambia ipo, ilitoka 1983. Ameshaniagiza niitafute, na ameshatangaza kwamba wataanza na buti.