Jinsi ya Kuwa wa Arobaini na Saba: Mwongozo wa Masika ya Kwanza

Mdogo wangu wa kidato cha kwanza, hongera. Jina lako lilipotoka kwamba umechaguliwa kwenda shule ya vipaji maalumu, kijiji kizima kilijua kabla mama yako hajamaliza vigelegele. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kukupa mkono. Bibi akachinja jogoo aliyekuwa akimtunzia mgeni wa maana, na mgeni wa maana akawa wewe. Januari ukabeba tranka, godoro, ndoo, fyekeo na rimu ya karatasi kama fomu ya kujiunga ilivyoagiza, ukaenda Ilboru, Mzumbe, Kibaha au Tabora Boys. Na kama ni msichana, Kilakala, Msalato au Tabora Girls.

Sasa ni Machi. Mvua imeanza, na matokeo ya mtihani wako wa kwanza yamebandikwa ubaoni. Nia ya mwongozo huu ni kukuvusha hadi likizo ya Juni ukiwa mzima, umeshiba kiasi, na una walau jozi moja ya soksi kavu. Mlio Dodoma na Tabora mvua zenu zilianza tangu mwaka jana na Aprili zinaaga. Maelekezo ni yaleyale, ila matope mmeyazoea mapema.

Tuanze na ubao. Usisome orodha kuanzia juu. Ukianzia juu utapitia majina arobaini na sita ya watu wengine, na kila jina litakupunguzia pumzi. Ukianzia chini utajitia hofu bure. Anza katikati, upande au ushuke taratibu, na ukilikuta jina lako, soma namba mara moja tu, kisha upishe wenzako. Wamekusanyika nyuma yako na wote wana hofu ileile.

Ukishatoka hapo, piga hesabu. Chukua watoto mia moja na ishirini, kila mmoja amekuwa wa kwanza shuleni kwake tangu darasa la pili. Waweke kwenye kidato kimoja, wape mtihani mmoja. Mia moja na kumi na tisa kati yao hawatakuwa wa kwanza. Hilo lilikuwa limeshaamuliwa siku ile ulipopanda basi, kabla hujashika kalamu. Hakuna akili iliyodondoka njiani. Wewe ni kipanga yuleyule aliyetoka nyumbani, ila sasa umewekwa mahali ambapo jirani yako wa kitanda cha juu naye ni kipanga, na wa chini, na yule anayekoroma karibu na mlango.

Kulia kunaruhusiwa. Mahali pazuri ni kwenye foleni ya bomba mvua inaponyesha, kwa kuwa kila uso umelowa na hakuna atakayekuuliza kitu. Lia hadi ndoo ijae, kisha uibebe. Usimpigie baba simu usiku huohuo kumwambia akuhamishe. Mpigie Jumamosi, baada ya kula.

Baada ya hapo mtafute aliyekuwa wa kwanza. Usimkwepe wala usimnunie. Mwombe akueleze lile swali la fizikia lililokushinda. Utagundua mambo mawili: kwamba anajua kweli, na kwamba hajui kufua. Hapo mna pa kuanzia. Mfundishe kusugua kola ya shati, akufundishe mwendo wa vitu vinavyoanguka. Urafiki mwingi wa maisha katika shule hizi ulianzia kwenye beseni.

Kuna jambo hapa linalonigusa, na naomba walimu nao walisome. Wengi wa watoto hawa wametoka shule za msingi za serikali, walikofundishwa hisabati na sayansi kwa Kiswahili kwa miaka saba. Januari wakaingia darasani, kila kitu kikawa Kiingereza. Mtoto anayejua kabisa kwa nini ganda la yai huyeyuka kwenye siki anakaa kimya kwa kuwa sentensi imemkataa mdomoni. Kisha anapewa namba ya arobaini na saba na anaambiwa ajitathmini. Ajitathmini nini? Alama zile zimepotea njiani kati ya kichwa na karatasi. Kwa hiyo, mdogo wangu, jioni kaeni diskasheni na mbishane kwa Kiswahili hadi jambo lieleweke, ndipo mlivushe kwenda Kiingereza sentensi moja moja. Mtu wa kwanza kusema kwa sauti kubwa kwamba hajaelewa apigiwe makofi. Nasema hivi kwa dhati: apigiwe makofi, maana wengine kumi walikuwa wanaogopa kusema.

Na ule ubao. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha desturi ya kutaja watahiniwa kumi bora na shule kumi bora. Nchi haikuanguka. Watoto waliendelea kufaulu. Kama taifa zima limeweza kukaa bila orodha ya kumi bora, shule yenye watoto waliokwisha kuchujwa kutoka mikoa yote inaweza kumpa kila mmoja alama zake kwenye karatasi iliyokunjwa, na mwalimu wa darasa akakaa naye dakika tano. Ubao utumike kutangaza ratiba ya mechi.

Kwa mlio Tabora Boys kuna mzigo wa ziada. Mtatajiwa Nyerere kila paredi, kwamba aliingia shule hiyo mwaka 1937 na kutoka hapo akaenda Makerere. Sikilizeni kwa heshima, mikono nyuma. Lakini usijipime na Baba wa Taifa mwezi wa tatu wa kidato cha kwanza. Wakati ule na yeye alikuwa kijana wa Butiama aliyekuwa mbali na mama yake.

Tuje kwenye mvua, ambayo ni mwalimu asiyepangwa kwenye ratiba. Karibu na tarehe 20 Machi jua la utosi huvuka ikweta likielekea kaskazini. Wenzetu wa Ulaya siku hizo wanahesabu kwamba majira ya kuchipua yameanza, na wewe uliye Arusha, Morogoro au Kibaha unapata masika, kwa kuwa ukanda wa mvua hulifuata jua. Basi fanya hivi. Tafuta chupa ya maji iliyonyooka ubavuni, ikate juu, kile kipande cha juu ukigeuze kiwe faneli. Weka kokoto chini, mimina maji hadi yazifunike, chora mstari wa sifuri, bandika rula. Iweke mahali pa wazi, mbali na miti na mbali na mpira wa kidato cha tatu. Isome kila siku saa ileile, uandike kwenye daftari.

Sasa pima paa la bweni. Tuseme lina mita 30 kwa 10, yaani mita za mraba 300. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya usiku mmoja yenye milimita 20 imemwaga juu ya paa hilo lita 6,000, sawa na ndoo 300 za lita ishirini, na zote zimeteremka mtaroni mkiwa mmelala. Asubuhi mmeamka saa kumi na moja kupanga foleni bombani.

Ukifikia hapo usiishie kushangaa. Andika hesabu hiyo vizuri, chora mfereji wa bati na tangi, kadiria bei kwa kumuuliza fundi anayekarabati madirisha, kisha umpelekee mwalimu wa fizikia. Kuna maonyesho ya Young Scientists Tanzania, yanayofanyika tangu mwaka 2012, ambako wanafunzi wa sekondari hupeleka utafiti wao wenyewe. Miradi mizuri huanzia kwenye kero ya namna hii. Na hata kama mradi wako hautavuka geti la shule, mkuu wa shule akiona lita 6,000 zimeandikwa kwa wino, atatazama paa lake kwa macho mengine. Hii ndiyo kazi ya kipaji ninayoipenda kuliko namba yoyote ubaoni: mtoto kuona maji yanayopotea juu ya kichwa chake na kutaka kujua ni kiasi gani.

Wageni wa prepo, ile saa ya kujisomea, watakuja jioni moja baada ya mvua. Kumbikumbi watafuata taa, wataingia kwenye madaftari, kwenye nywele, kwenye kola ya mwalimu wa zamu. Usipige kelele. Zima taa zote isipokuwa moja, weka beseni la maji chini yake, na baada ya robo saa utakuwa na kitoweo. Wakaange bila mafuta, wana ya kwao ya kutosha. Chumvi kidogo tu, na matroni aombwe ruhusa kwanza. Wenzako wa Bukoba watasema hakuna cha kulinganisha na senene. Waache waseme, wanakumbuka nyumbani. Lakini kabla ya kula, tenga wachache uwatazame. Wanadondosha mabawa wenyewe, kisha wanatembea wawiliwawili, dume akimfuata jike, kutafuta udongo wa kuanzisha kichuguu kipya. Wengi wao hawafiki, huliwa na ndege, vyura na kidato cha kwanza. Uliza maswali kuhusu hilo hadi mwalimu wa baiolojia aombe muda wa kwenda kusoma. Mwalimu akikuambia kwa uaminifu kwamba atakuletea jibu kesho, umepata mwalimu mwema, mheshimu.

Nyasi nazo zitaota. Lile fyekeo uliloliona la ajabu kwenye fomu ya kujiunga sasa limepata kazi, kila Jumamosi. Fyeka ukiwa umeachana na mwenzako hatua tano, na usivae ndala. Nyasi fupi na madimbwi yaliyofukiwa ni kazi moja na chandarua: Aprili ndio mwezi wa mbu, na kitanda cha wagonjwa kimewaangusha vipanga wengi kuliko hisabati. Chomekea chandarua chini ya godoro kila usiku, hata siku ambayo joto la Kibaha linakushawishi uache. Aliyetoka Ukerewe au Kilwa akapangiwa Ilboru, chini ya Mlima Meru, ataamka amejikunyata kwa baridi. Atafute blanketi la pili mapema na asione haya kuliomba.

Soksi: kamua kwa taulo, tandaza kati ya shuka na godoro, lalia. Hakuna njia nyingine.

Michezo itaanza kuchemka Aprili, kwa kuwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, hukaribia katikati ya mwaka na kila shule inachuja timu. Jitokeze hata kama hujui. Kuna watoto ambao tangu wakiwa wadogo wameambiwa kazi yao ni kusoma tu, wakakua hawajawahi kupigwa chenga mbele ya watu. Nenda upigwe chenga. Anguka kwenye matope, inuka, cheka, rudi bwenini ukiwa mchafu. Mtoto aliyezoea kushinda kila kitu anahitaji mahali pa kushindwa ambapo hakuna anayeandika ripoti.

Mei ni mwezi wa kidato cha sita. Mitihani yao ya taifa inaanza, na wale kaka wakubwa wenye ndevu waliokutisha Januari watageuka watu wembamba wanaotembea wakinong'ona fomula. Usikimbie kwenye korido yao. Usipige ndoo kama ngoma. Ukimkuta mmoja wao amesahau kula, mpelekee sahani yake ya makande. Wakimaliza wataacha ndoo, madesa, mitihani ya miaka iliyopita na vitanda vya karibu na dirisha. Omba mapema, kwa adabu, kabla wenzako hawajaamka. Ila zaidi ya madesa, muulize swali moja: kidato cha kwanza, Machi, ulikuwa wa ngapi? Wengi watacheka kwanza. Kisha watakutajia namba, na utashangaa.

Juni utapanda basi au treni kurudi nyumbani, na ripoti itakuwa kwenye tranka. Usisubiri kuulizwa. Ukishaamkia na kunywa maji, itoe mwenyewe, mpe baba mikononi, na umweleze namba hiyo imepatikana kati ya watu gani. Baba, na wewe mama, nawaomba: msitaje mtoto wa jirani. Ulizeni amejifunza nini, amepata rafiki gani, anakula, analala. Huyu ana miaka kumi na tatu au kumi na minne na amekaa miezi mitano mbali nanyi kwa mara ya kwanza. Mchinjieni kuku hata kama ni wa arobaini na saba. Hasa kama ni wa arobaini na saba.

Halafu kuna mdogo wako wa darasa la saba, ambaye mtihani wake ni Septemba na anakutazama kama mtu aliyerudi kutoka mwezini. Mfundishe sehemu na asilimia kila asubuhi. Mzoeze kuuliza kwa Kiingereza vitu vidogo vya mezani. Mwambie ukweli wote kuhusu ubao, asije akashtuka kama wewe. Na jioni mpe beseni, sabuni ya kipande na soksi zake mwenyewe, ukae pembeni umwelekeze, bila kumsaidia hata kidogo.