Namna ya Kuipima Benki Bila Kujichosha

Kila robo ya mwaka ikiisha, benki za Kenya hulazimika kuchapisha hesabu zao gazetini. Usitishike na ukurasa ule wa tarakimu zilizobanana kama abiria wa matatu ya saa kumi na mbili. Wewe tafuta mstari mmoja tu: faida. Imepanda? Benki ni nzuri. Imepanda sana? Peleka huko hata karo ya watoto.

Usiulize faida imetoka wapi. Huenda benki imewakopesha wakulima na wafanyabiashara, nao wakalipa. Huenda imenunua hati za serikali ikakaa kitako. Huenda pia imepunguza tu fungu linalotengwa kufidia mikopo chechefu, hasara ikageuka faida kwa mpigo mmoja wa kalamu. Yote ni shilingi.

Macho yasishuke hadi chini ya ukurasa. Huko, baada ya mizania na mapato, ndiko wanakoweka mikopo chechefu, mikopo waliyojipa wakurugenzi na wafanyakazi, na kiwango cha ukwasi ambacho hakitakiwi kushuka chini ya asilimia 20. Hayo ni mambo ya ndani ya nyumba ya watu; kuchungulia si adabu. Chase Bank iliporekebisha hesabu zake za 2015, mikopo ya watu wa ndani ilivimba kwa mabilioni, na tarehe 7 Aprili 2016 Benki Kuu ikaiweka chini ya mrasimu. Ambao hawakuchungulia walilala fofofo hadi usiku wa tarehe 6.

Badala yake, kagua jengo. Sakafu ya marumaru, kiyoyozi, mlinzi anayekuita "mheshimiwa", tuzo zimepangwa ukutani. Uwiano wa gharama na mapato ungekuonyesha marumaru hiyo inakula kiasi gani, ila meneja ameshaagiza chai.

Wajuaji watakubishia kwamba hesabu zisomwe zote. Waulize kuhusu Imperial Bank. Hesabu zake zilikaguliwa, faida ilipendeza, na wawekezaji wakanunua hati fungani yake ya shilingi bilioni 2. Tarehe 13 Oktoba 2015, siku ambayo hati hiyo ingeanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, Benki Kuu ikaikabidhi benki kwa mrasimu. Kumbe miaka nenda miaka rudi mabilioni yalikuwa yakitoka bila kuonekana vitabuni, na kisichoandikwa hakisomeki hata kwa darubini. Hapo mvivu naye ana hoja.

Ukibaki na wasiwasi, kuna Shirika la Bima ya Amana. Benki ikianguka, hulipa hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja. Enzi za Imperial kikomo kilikuwa 100,000. Kama akiba yako haifiki 500,000, gazeti lifungie maandazi. Kama inazidi, pole: vaa miwani, na uanze kusoma kutoka chini.