Begi Dirishani

Saa saba usiku, mke wangu amelala, nami nimepiga magoti sakafuni mbele ya mashine ya gitaa kama mtu anayetafuta hereni chini ya kochi. Kwenye skrini kuna orodha ya milio, na nusu ya majina yamegeuka kijivu. Kijivu maana yake nafasi hakuna, prosesa imejaa. Mwangwi wa ukumbi mkubwa, kijivu. Mashine hii niliinunua kwa hela ya kodi ya miezi mitatu, na boksi lake lilijisifu kwa milio zaidi ya mia mbili. Kwamba ukiweka kumi tu inaanza kununa, boksi halikusema.

Chanzo ni kiongozi wetu wa bendi. Tulikuwa na harusi Sinza. Natoka kwenye ridimu naingia kwenye sebene, nikakanyaga swichi kubadili preseti, yaani mpangilio wa milio, gitaa likanyamaza. Kufumba na kufumbua tu. Lakini sebene inafunguliwa na gitaa. Likichelewa, mpiga drumu anakukata jicho, na yule mama aliyekwishainua kitambaa juu anakishusha taratibu. Wimbo ulipoisha kiongozi akanisogelea: "Vipi, bwana mdogo, ulikuwa unapumzika?"

Wallahi sikupumzika. Mashine ikibadili preseti inabomoa nyumba nzima na kujenga nyingine, na mpaka bati lipande, sauti haitoki. Dawa yake ni kutobadili. Unaweka kila kitu ndani ya preseti moja, kisha swichi za mguu zinawasha hiki na kuzima kile. Basi nikaamua ridimu, sebene na zilipendwa zilale chumba kimoja. Hapo ndipo kijivu kilipoanza.

Nikajiona mjanja, nikaanza kuzima. Nikazima oktava, nikazima ampu ya pili. Asilimia 97 ya prosesa ikabaki 97. Kumbe kwenye mashine hii mlio uliozimwa unalipiwa nauli ileile ya uliowashwa! Umetengewa nafasi tangu ulipouweka, ili ukikanyaga swichi uamke papo hapo. Wapanda daladala za Gongo la Mboto wananielewa: unaingia, gari tupu, ila kila kiti kina begi lililopitishwa dirishani, na wenyewe wangali wanasukumana mlangoni. Preseti yangu ilikuwa na abiria wawili na mabegi manne. Afadhali hata daladala ina konda, na konda hajawahi kukosa nafasi: "Sogea nyuma, jamani, katikati kweupe!" Mashine hii ni levo siti, hakuna kusimama, kama enzi za korona.

Kijana wetu wa kinanda, anayesomea umeme, akanieleza kwa nini abiria wa mashine hii hawabanani. Simu ikizidiwa, picha inafunguka polepole. Unasubiri, unasonya, maisha yanaendelea. Sauti haisubiri. Mashine inapima mlio wa gitaa mara 48,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kipimo kina mikrosekunde 21 hivi tu za kazi yote. Ikichelewa, spika inakwaruza kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Ndiyo maana inakataa mapema.

"Unadhani mlaji mkubwa ni nani, kaka?" akaniuliza. Nikawataja wenye kelele, distoshani mbili na kompresa. Akacheka. Hao wanadonoa kama kuku. Wanaokomba sufuria ni mwangwi mkubwa, oktava na zile ampu za kuigiza.

"Na huo mwangwi wako ni sterio?"

Ndiyo, tena ule mpana. Kushoto na kulia, hesabu karibu mara mbili.

"Ukumbini unatoa nyaya ngapi?"

Nikajifanya nakaza nyuzi. Mmoja. Miaka miwili nimegharamia kushoto na kulia, na vyote vinaingia kwenye waya mmoja unaokwenda kwa fundi mitambo, naye ananifungulia chaneli moja, tena kwa kinyongo.

Basi nikaanza kukata. Mwangwi ukawa mono, tena wa chumba kidogo. Sampuli ya spika nikaipunguza kutoka urefu wa vipimo 2,048 hadi 1,024. Nikasikiliza mara sita nikitafuta tofauti, ya saba nikaipata, kumbe ni feni. Distoshani mbili nikazifanya moja, swichi ikawa inaongeza na kupunguza makali. Ampu ya pili niliifuta nikiwa nimeangalia pembeni. Marehemu Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa aliyetutoka mwaka 1979, hakuwahi kuambiwa na gitaa lake kwamba nafasi zimejaa. Mimi sina hata robo ya vidole vyake, ndiyo maana nahitaji milio mingi.

Prosesa ikashuka hadi asilimia 81. Jumamosi tukapiga Temeke, sebene ikaingia bila pengo, vitambaa vikabaki juu. Kiongozi hakusema kitu, na kwa yule mzee hiyo ni barua ya pongezi.

Nimerudi nyumbani saa kumi alfajiri, nikawasha mashine niiangalie ile nafasi. Asilimia 19, kiti kitupu kabisa, cha dirishani. Nikaweka korasi. Hatuna wimbo hata mmoja unaotumia korasi. Nimeizima, ipo tu, imeshika kiti.