Sifa za Taa Isiyokubali Kuzimwa

Wanaosifiwa wamesifiwa vya kutosha. Mwezi una washairi wake, jahazi lina mabaharia wake, na hata punda amepata wa kumtetea. Lakini ile taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini, inayowaka kwenye dashibodi ya Premio au Corolla iliyokula chumvi nyingi, haijapata wa kuitolea neno jema. Inachopata ni sonyo asubuhi na laana jioni. Fundi anaizima, inawaka. Anaizima tena, inawaka tena, mpaka mwenye gari anaona kama amefugishwa adui. Ukweli ni kinyume chake. Katika gari kuukuu hakuna kiungo kinachoizidi taa hiyo kwa adabu, na ung'ang'anizi tunaoulaani ndio ubora wake wa kwanza.

Tuanze na nasaba, kama inavyopasa anaposifiwa mkubwa. Taa hii haikuzaliwa gereji. Asili yake ni moshi wa Los Angeles, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ule ukungu uliowawasha watu macho ulitokana na mvuke wa petroli na gesi za ekzosi zikipikwa na jua. Jimbo la California likaanza kuwabana watengenezaji wa magari, na kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani nzima ikataka kila gari dogo jipya lijichunguze lenyewe na kusema linapoumwa. Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kwa hiyo inapowaka kwenye foleni ya Ubungo, anayezungumza ni binti wa sayansi na sheria, si balbu iliyokosa kazi.

Tabia yake nayo ni ya mtu asiyekurupuka. Kwa hitilafu nyingi, kompyuta ya injini ikiliona kosa mara ya kwanza huliandika pembeni na kunyamaza. Ni mpaka kosa lijirudie katika safari ya pili ndipo taa inawaka. Wangapi kati yetu husubiri ushahidi wa pili kabla ya kumsema jirani? Ikishawaka, bado inasamehe: safari tatu mfululizo bila kosa huizima yenyewe, bila fundi na bila senti. Hata kumbukumbu hufutika baada ya injini kupata moto mara 40 hivi pasipo kosa kurudi. Basi taa isiyozimika haina kinyongo na mtu. Kosa ndilo halijaondoka. Tena inajua kupandisha sauti. Ikiwaka tulivu, inakutaka uende gereji. Ikimetameta, silinda inamisi kiasi kwamba petroli isiyoungua inakwenda kuyaunguza masega ya ekzosi, na hapo ni kupunguza mwendo, mjadala baadaye.

Wapinzani wake wa kwanza hudai kwamba inalalamika bila kusema kinachouma. Hapa taa inashitakiwa kwa makosa ya wanaoisoma. Chini ya usukani kuna soketi ya pini 16. Fundi akichomeka mashine anapata namba ya kosa, tuseme P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Namba hiyo ni shahidi anayeeleza alichokiona na kukataa kubuni asichokiona. Haisemi "badilisha sensa ya oksijeni". Hayo ni maneno ya gereji yenye haraka, ambako mleta habari hufukuzwa kazi na habari ikabaki pale pale. Fundi mwenye subira hutazama kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia ngapi. Nyongeza ikiwa kubwa gari likiwa sailensa, kisha ikashuka injini ikipandishwa hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna hewa inayoingia kwa wizi, pengine kwenye mpira uliopasuka upande wa chini ambako jicho halifiki. Nyongeza ikizidi gari linapopanda mlima, wa kushukiwa ni pampu au filta ya petroli, au sensa ya hewa iliyoshika vumbi. Na kosa likiwa P0302, silinda ya pili inamisi: koili yake huhamishiwa silinda ya tatu. Namba ikigeuka P0303, koili imejitaja yenyewe. Ikibaki P0302, koili haina hatia, tazama plagi na nozeli. Jaribio hilo halina gharama ila jasho la kufungua bolti.

Wengine huuliza: gari linawaka, linatembea, halichemshi, taa ya nini? Swali hilo linasahau nani aliyeiajiri. Kanuni za Marekani ziliitaka iwake pale hitilafu inapoweza kufikisha uchafu wa moshi mara moja na nusu ya kiwango kinachoruhusiwa, na moshi huo hauvutwi na dereva aliyefunga vioo. Unavutwa na mama lishe wa kando ya barabara na abiria wanaogombea daladala. Hata kwa mwenye gari peke yake hesabu haimpendelei: kinachoanza kwa koili huishia kwa masega, ambayo yana platinamu na paladi ndani yake, na bei yake haikai meza moja na bei ya koili.

Kasoro moja tuikubali, maana sifa tupu ni unafiki. Taa hii ina uso mmoja kwa makosa yote. Katika magari mengi yaliyoundwa kwa soko la Marekani, kifuniko cha tangi kisichokazwa huiwasha kwa manjano yale yale ya masega yaliyokufa, na dereva hukosa usingizi kwa jambo la kukaza kwa vidole. Lakini hata hapo namba za makosa hutofautiana, na anayezisoma hatishiki bure. Pesa huliwa na kubahatisha: sensa leo, koili kesho, pampu keshokutwa, risiti zinarundikana na taa imetulia pale pale.

Waliochoka nayo wana tiba zao. Kuna anayechomoa terminali ya betri, taa ikazimika na fundi akaonekana mganga. Kumbe amefuta ushahidi wote, na kwa kuwa kosa linahitaji kuonekana tena mara mbili, ujira unaliwa kabla taa haijarudi. Kuna anayebandika utepe mweusi, na kuna anayeng'oa balbu kabisa. Msema kweli, tunaambiwa, ni mpenzi wa Mungu. Hatukuambiwa kwamba wenye magari nao wanampenda. Kwa hiyo anayenunua gari lililotumika na afungue swichi kabla ya kuwasha injini. Taa lazima iwake, kisha izime injini ikishaunguruma. Ikikataa kuzima, mnunuzi ana pa kuanzia kupunguza bei, na ana namba ya kumpelekea fundi. Isipowaka kabisa, huenda muuzaji amekwisha kumziba mdomo mwenye habari, na mpaka itakapojulikana kwa nini, pesa zibaki mfukoni.